Kikuku

Usiku wa kuamkia upasuaji nilimuuliza,
kalamu ikining'inia juu ya fomu:
Don Eleuterio, umewahi kutapika safarini?

Akanyoosha shingo. Mimi?
Miaka arobaini juu ya farasi,
miguu ndani ya vikuku, kondoo elfu mbili mbele yangu,
na upepo huu wa Punta Arenas unaong'oa mabati.
Mimi, nitapike?

Nyuma yake Herminda akakohoa.
Kikohozi kile hakikuwa cha mafua.
Mwambie dada Yasna habari za kivuko cha Porvenir.
Mwambie ni nani aliyeshika ndoo.

Kimya. Kisha masikio yake yote mawili,
lisikialo na lisilosikia,
yakawa mekundu.

Nikaandika. Nikapiga mstari chini yake.
Mficha maradhi, nilimwambia, huumbuliwa na ndoo.
Na kwa mstari ule mmoja
daktari wa nusukaputi akapanga upya:
dawa moja kabla ya usingizi, nyingine kabla ya kuamka,
na usingizi wenyewe upite mshipani, gesi ikae chupani.

Kuna mfupa ndani ya sikio, mdogo kuliko punje ya mchele,
umbo lake ni kikuku cha tandiko.
Wa kwake ulikuwa umeganda
kama buti lililoingia kutu pamoja na chuma chake.
Saa moja na nusu chini ya darubini
wakauchomoa, wakatia mwingine wa madini.
Lakini jirani yake, ukuta kwa ukuta,
zinakaa pete tatu za maji
zinazotwambia juu ni wapi.
Ukigonga nyumba ya pili kwa nyundo
usishangae jirani akiamka na hasira.

Aliamka. Akasema dari inahama.

Sikumwambia jikaze.
Neno hilo limewaangusha wengi katika korido hii.
Nilimwambia: lala hivi, sikio lenye pamba lielekee juu.
Usigeuke kunitafuta,
mimi ndiye nitakayekuja upande wa macho yako.
Chagua kitu kimoja.
Akachagua msumari ukutani,
ulioachwa na kalenda ya mwaka juzi.
Basi ushike kwa macho, usiuache.

Nikamshika mkono,
vidole vitatu chini ya kiganja, katikati ya kano mbili,
nikabonyeza, nikahesabu pumzi zake badala ya dakika.
Maji, funda moja. Subiri.
Funda jingine.
Usipenge kamasi.
Chafya ikija ifungulie mdomo
itoke kama fahali, kwa lango kubwa.

Saa tisa usiku akaniuliza, polepole,
kama kondoo akipinduliwa chali na kunyolewa
naye huiona dunia hivi.
Sijui, nikasema.
Ndiyo, akajijibu, macho kwenye msumari.
Ndiyo maana huyumba nikiwaachia.
Na mimi nilikuwa nawacheka.

Asubuhi aliinuka kwa vituo.
Kiwiko. Kituo.
Kukaa, miguu ikining'inia. Kituo kirefu,
biskuti kavu, nusu.
Halafu sakafu, ambayo ilimpokea
bila furaha, lakini ilimpokea.

Siku ya tatu akaruhusiwa, na upepo ulikuwa umepamba moto.
Siku kama hizo mjini kwetu hufungwa kamba kando ya njia
ili watu wapite bila kupeperushwa.
Yeye maisha yake yote aliziona kuwa za vikongwe
na watalii wenye makoti mapya.
Kutoka dirishani nilimwona akisimama penye kona,
bandeji nyeupe chini ya kofia,
akiitazama ile kamba kama anayetazama hatamu ya farasi asiyemjua.

Akaishika.
Herminda akashika nyuma yake.
Hakukohoa.

Nikarudi kutandika kitanda.
Ndoo ilikuwa pale pale chini nilipoiweka,
kavu, na vumbi kidogo.
Nikaifuta, nikaifudikiza kabatini,
nikachukua fomu ya mgonjwa anayefuata.